Mkono wa Mpiga Rithimu

Mpiga rithimu alifika kabla ya wenzake. Alishuka kwenye bodaboda pale Bigwa, mjini Morogoro, inapoanzia barabara ya kwenda Matombo na Kisaki, gita likiwa mgongoni ndani ya begi lenye viraka, akaingia kwenye baa ya wazi iliyo chini ya miembe. Ilikuwa yapata saa kumi na moja jioni, na kivuli cha milima ya Uluguru kilikwisha kuyafikia mabati. Alichagua kiti cha mbao kisicho na mikono, akakitikisa, akakiona kinayumba. Akakunja kipande cha boksi na kukisukumiza chini ya mguu mmoja. Akakaa, akakitikisa tena. Ndipo alipofungua begi.

Mimi nilikuwa nimekuja kusikiliza solo. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe nimezipenda tangu utotoni, na miaka yote hiyo nilimsikiliza yeye tu, sauti yake na gita lake. Radio Tanzania ikipiga Morogoro Jazz, bendi yake, nilikuwa naliiga solo kwa mdomo mpaka mama ananinyamazisha. Bendi hiyo ilianza mwaka 1944, mwaka uleule aliozaliwa Mbaraka, na mwaka 1970 ilifika hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mwaka 1973 Mbaraka alijitenga akaunda Super Volcano. Nikajiapiza kwamba nikipata nauli na kiingilio nitakwenda kumwona kwa macho. Tarehe 12 Januari 1979, nchi ikiwa vitani na Idi Amin, Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa. Nauli nilikuwa bado sijaipata.

Bendi niliyoitamani, basi, siwezi kuiona tena. Iliyokuja Bigwa Jumamosi ile ni bendi ya wazee wachache na vijana wao, wanaopiga nyimbo za Morogoro Jazz na Super Volcano, pamoja na zile za Cuban Marimba, bendi ya Salum Abdallah ambayo baada ya kifo chake mwaka 1965 iliendelea na Juma Kilaza. Mji huu mmoja chini ya mlima uliwahi kulea bendi mbili kubwa zilizogombea masikio ya nchi nzima. Nilitaka kujua ni nini kimebaki mikononi mwa watu.

Vyombo vililetwa na kirikuu. Vijana walishusha spika mbili, amplifaya tatu, mikisa, ngoma za drums na tumba mbili zilizofunikwa kwa khanga. Hakuna aliyekimbia. Waya zilinyooshwa chini kwanza, moja moja, kisha zikachomekwa. Waya mmoja ulipokwaruza, kijana aliuchomoa, akafuta kichwa cha waya kwa kitambaa, akaurudisha. Ulipokwaruza tena, aliuweka pembeni na kuchukua mwingine.

Mpiga tumba alizikagua ngozi kwa ncha za vidole. Akatoa spana, akakaza nati moja robo mzunguko, akaenda kwenye nati ya upande wa pili, akakaza robo mzunguko, halafu akarudi kwenye ile iliyo jirani na ya kwanza. Ngozi ikivutwa upande mmoja, mlio hupinda, kwa hiyo aliizunguka tumba yote namna hiyo, akipiga kofi jepesi kila baada ya nati. Alipofika mwisho, makofi yote yalitoa sauti moja.

Wakati huo mpiga rithimu alikuwa anatyuni. Hakuwa na kipimo cha umeme. Alianza na uzi mnene, akauminya kwenye shingo na kuupatanisha na unaofuata, akaenda hivyo hadi uzi mwembamba wa mwisho. Kisha alishika kodi nzima, akainamisha kichwa, akarudi kulegeza uzi wa tatu kwa kiasi ambacho macho yangu hayakukiona. Nyuzi zilipotulia, wenzake walimjia. Mpiga besi alichukua sauti kwake, mpiga gita la kati akachukua kwake, na mpiga solo naye akasimama mbele ya kiti kile akaomba uzi mmoja mmoja. Mpuliza saksafoni alipuliza sauti moja ndefu, akasogeza mdomo wa chombo ndani kidogo, akapuliza tena. Niliyaona magita manne na saksafoni vikikaa sawa kwa mtu ambaye nilikuwa sijawahi kuuliza jina lake kwenye wimbo wowote.

Walianza saa mbili usiku na wimbo wa taratibu. Rithimu ndiyo iliyoingia kwanza, peke yake. Mkono wa kushoto ulishika kodi tatu tu, ukihama kutoka moja hadi nyingine bila vidole kuinuka juu kuliko ilivyolazimu. Mkono wa kulia haukukwangua nyuzi zote kwa pamoja. Ulizichagua: wa chini, wa kati, wa juu, ukarudi wa kati. Upande wa kiganja uligusa nyuzi karibu na daraja na kuzima kila mlio kabla haujaurukia mwingine. Hapo ndipo nilipoanza kuuelewa ufundi wake. Kazi yake ilikuwa ni sauti anazotoa pamoja na nafasi anazoziacha.

Besi ikaingia kwenye nafasi hizo. Haikujaza kila pigo. Ilitua, ikanyamaza, ikatua tena. Kisha gita la kati likajibu rithimu kwa sauti ya juu kidogo, mithili ya watu wawili wanaotwanga kinu kimoja, mchi wa huyu ukipanda wa yule unashuka, na hakuna unaougonga mwingine. Tumba zilifunga mshono. Mwimbaji alipofungua kinywa, kila kitu kilikuwa kimeshapangwa, naye akakaa juu yake bila kusukuma sauti. Mwisho kabisa likaja solo, na nilitambua kwamba lilikuwa linapita palepale rithimu ilipoacha mlango wazi. Kwa miaka hamsini nilikuwa nimelisikia solo bila kuuona mlango.

Wimbo wa tatu ulifika kwenye chemko. Tarumbeta na saksafoni ziliita mara mbili, waimbaji wakarudi nyuma, watu wakajaa uwanjani. Hapa ndipo bendi nyingi changa huharibu, kwani moto wa wachezaji huwavuta wapigaji wakaanza kukimbia. Nikautazama mkono ule wa kulia. Haukuongeza hata chembe ya mwendo. Wimbo ulipanda kwa kuwa tumba ziliongeza mapigo na solo likasogea juu ya shingo, lakini sakafu ilibaki pale ilipotandikwa.

Ghafla uzi wa kwanza wa gita la solo ulikatika. Ulitoa mlio mkali, ukajikunja. Mpiga gita la kati hakusubiri kuambiwa. Alilidaka solo, sauti moja chini. Kwa kuwa nafasi yake sasa ilikuwa wazi, mpiga rithimu aliongeza uzi mmoja kwenye mzunguko wake, wa juu kabisa, ili pasionekane tundu. Hilo tu ndilo alilobadilisha. Wachezaji hawakugeuza hata shingo.

Mpiga solo alikaa kwenye ukingo wa jukwaa, akazima sauti ya gita lake, akatoa uzi mpya kwenye bahasha. Aliupitisha kwenye tundu la nyuma, akauvuta hadi kwenye kichwa cha gita, akauacha na ulegevu wa vidole viwili, akaanza kuuzungushia kwenye kishikio, kila mzunguko ukikaa chini ya uliotangulia. Uzi mpya hudanganya: ukiupandisha mpaka mahali pake, baada ya dakika moja umeshuka. Kwa hiyo aliukamata katikati na kuuvuta polepole mbali na ubao, akaupandisha tena, akauvuta tena, mara nne. Kelele zilikuwa kubwa, na gita lisilo na umeme halisikiki, basi akaegemeza taya lake kwenye ubao wa gita ili sauti ipitie mfupani. Sikio lake lingine lilikuwa limeelekezwa kwa rithimu. Aliupatanisha uzi wake na mkono ule usiokimbia, huku wimbo ukiendelea.

Aliinuka, akarudisha sauti, akamtazama mpiga gita la kati. Huyo alimalizia msemo wake na kushuka, mwenzake akaupokea msemo uliofuata. Rithimu iliuacha uzi wa juu na kurudi kwenye mzunguko wake wa awali. Watu walishangilia kurudi kwa solo, na walistahili kushangilia. Mimi nilikuwa namwangalia aliyekaa kwenye kiti chenye kipande cha boksi. Alikuwa amefumba macho.

Walipomaliza, saa sita ilikuwa imepita na upepo wa mlimani ulishaanza kuteremka. Mpiga rithimu alikuwa anafuta nyuzi kwa kitambaa cha pamba, mmoja mmoja, juu na chini ya kila uzi, kwa sababu jasho huleta kutu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mdogo wangu.”

Nilimpa pole kwa kazi, nikamuuliza kama hachoki kupiga kitu kilekile wimbo mzima.

“Nikichoka mimi, watu wanakaa,” alisema, akaendelea na uzi wa nne.

Nilimsubiri amalize. Alilaza gita kwenye begi, akafunga zipu taratibu pale penye kiraka, kisha akainama akakiokota kile kipande cha boksi na kukitia mfukoni. Nilitembea hadi barabarani kutafuta bodaboda. Niliutafuta mdomoni wimbo ule wa tatu, nikitegemea kuanza na solo kama nilivyozoea tangu utotoni. Badala yake vidole vyangu vilikuwa vinagonga pajani: wa chini, wa kati, wa juu, wa kati. Bodaboda ilipofika nilikuwa bado naendelea, nikijitahidi nisikimbie.