Mgeni wa Sayari Nyingine Akishuka Sirari: Dadu Inahesabu Kosa Moja, Makosa Ni Mawili

Wanaocheza michezo ya kuigiza wahusika, ile ya kukaa mezani na dadu, karatasi na msimulizi anayeongoza hadithi, wanalijua tukio hili. Kiumbe wa sayari nyingine anavaa sura ya mtu na kuingia mjini. Mchezaji anarusha dadu, msimulizi anarusha dadu ya mlinzi, namba kubwa inashinda. Ama umepita, ama umeshikwa. Basi, hadithi inaendelea.

Ukilitazama tukio hilo kwa jicho la baiolojia na la hesabu, sheria yake ina pengo kubwa. Inajali kama mgeni atagunduliwa. Haijali kabisa kama mwenyeji atadhaniwa kuwa mgeni. Na kwetu huku kanda ya Ziwa, kosa hilo la pili tunalijua vizuri.

Sheria inasema nini

Tuchukue mfano ulioathiri michezo mingi: Dungeons & Dragons, toleo la 3.5 la mwaka 2003. Ni mchezo wa majoka na wachawi, sio wa anga, lakini Pathfinder ilijengwa juu yake, na kutoka Pathfinder ikazaliwa Starfinder ya mwaka 2017, yenye vyombo vya anga na viumbe wa kila sayari. Kote huko kujibadilisha sura ni ujuzi unaopimwa kwa dadu dhidi ya macho ya anayekutazama.

Katika toleo hilo la 3.5, kujifanya mtu wa jamii nyingine ya viumbe kunakupunguzia alama 2. Dadu ina pande 20, kwa hiyo kila alama ni asilimia 5. Yaani kuwa kiumbe tofauti kabisa ni mzigo wa asilimia 10 hivi. Ukijifanya mtu fulani mahususi, anayemfahamu kwa sura tu anaongezewa alama 4, rafiki 6, rafiki wa karibu 8, na wa ndani kabisa 10.

Hapo tuwape haki yao. Waandishi waliona jambo la kweli: anayekujua ni hatari kuliko mwenye macho makali. Lakini waliishia kwenye sura. Tumshushe huyo mgeni Tarime tuone.

Sura sio tatizo

Kashuka Sirari, mpakani, asubuhi ya pilikapilika. Ngozi safi, meno safi, Kiswahili cha redioni. Mlinzi wa kurusha dadu hayupo. Yupo mama anayeuza ndizi, naye anauliza maswali ya kawaida tu. Wewe ni wa wapi? Ukisema Mkurya, swali la pili liko njiani: wa ukoo gani? Mwirege? Mnchari? Mnyabasi? Mkira? Kisha inakuja saro, rika lako la tohara, maana hiyo ndiyo inayosema nani ni mwenzako wa kutaniana na nani unamheshimu. Kuvuka mpaka hakumsaidii mgeni wetu, kwa sababu upande wa Kenya nako ni Wakurya, na wanauliza yaleyale. Akikimbilia Mugumu, wilaya ya Serengeti, akajiita Mwikoma au Mngoreme, maswali yanabadilika ila hayaishi. Na bado hajaletewa kichuri mezani tuone uso wake ukionja nyongo.

Viumbe hai wanaojificha wanalijua hili. Kando ya Ziwa Victoria, eneo la Mbita nchini Kenya, wanasayansi wamechunguza buibui mrukaji aitwaye *Myrmarachne melanotarsa*, anayefanana na sisimizi. Mwili mwembamba ni sehemu tu ya kazi. Buibui wa aina hii hutembea kama sisimizi, na jamaa zake wengi huinua miguu ya mbele ikaonekana kama papasi. Isitoshe, huyu huishi kwa makundi, jambo adimu kwa buibui warukaji, na utafiti wa Ximena Nelson na Robert Jackson uliochapishwa 2009 ulionyesha kwamba kundi huwatisha maadui wanaoogopa sisimizi kuliko buibui mmoja peke yake. Kwa lugha ya kwetu: amejipatia ukoo.

Kosa la pili

Sasa tuje kwa anayechunguza. Mnana, yule ndege wa manjano anayefuma viota vinavyoning'inia kwenye miti ya kijiji, ana adui aitwaye kekeo, ambaye hutaga kwenye viota vya wenzake. Mnana asipogundua, atalea mtoto asiye wake. Akiwa na wasiwasi kupita kiasi, anaweza kutupa yai lake mwenyewe. Makosa mawili, na kila moja lina gharama.

Suluhisho la mnana ni zuri ajabu. Kila mama ana "sahihi" yake: mmoja hutaga mayai ya buluu tupu, mwingine meupe yenye madoa, mwingine kijani. Mayai ya mama mmoja yanafanana, ya mama tofauti yanatofautiana, hivyo yai geni huonekana kirahisi bila kulishuku la kwake. David Lahti alichapisha mwaka 2005 utafiti kuhusu mnana waliopelekwa zamani Hispaniola, kisiwa cha Karibi kisicho na kekeo huyo. Huko sahihi zimefifia: tofauti kati ya mama na mama imepungua, na mayai ya kiota kimoja hayafanani tena kama zamani. Adui akiondoka, ulinzi nao unalegea.

Linganisha na ndege anayewinda vipepeo. *Danaus chrysippus* ana sumu aliyoipata kwenye mimea aliyokula akiwa kiwavi. Jike wa *Hypolimnas misippus* hana sumu hiyo, lakini amevaa rangi zilezile za machungwa na nyeusi. Ndege akimwacha kwa kudhani ni mwenye sumu, amepoteza nini? Tonge moja. Kosa rahisi namna hiyo ndilo linalompa mdanganyifu nafasi ya kuishi.

Kwa hiyo swali la kisayansi kuhusu kujificha linaanzia kwenye bei ya kukosea: kwa upande huu ni kiasi gani, na kwa upande ule ni kiasi gani? Kwenye sheria za dadu tulizozitaja, bei ya kumshuku asiyehusika ni sifuri. Hakuna dadu inayorushwa kwa ajili ya mkulima wa kawaida aliyepita njia.

Hesabu ya kijiji

Hebu tuihesabu. Kijiji kina watu 1,000, wawili kati yao ni wageni wa anga. Tuna mchunguzi hodari sana, anayepatia mara 90 katika 100, kwa wageni na kwa wenyeji pia. Akiwapima wote, atawashika wageni karibu wote wawili. Safi. Lakini wenyeji ni 998, na atawakosea asilimia 10 kati yao: watu 100 hivi. Waliokamatwa ni kama 102, wageni ni 2. Ukimchukua mmoja wao bila kuchagua, uwezekano kwamba ni mgeni haufiki 2 katika 100. Na huyo ni mchunguzi hodari! Kitu kinapokuwa adimu, hata jicho zuri huokota zaidi wasiohusika.

Tunaijua hesabu hii kwa jina jingine. Usukumani, majirani zetu, wanawake wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, eti dalili ya uchawi. Macho hayo yana maelezo ya kawaida kabisa: miaka mingi ya kupuliza moto wa kuni na kinyesi cha ng'ombe jikoni kwenye moshi. "Kipimo" kinachowashika karibu bibi wote wa kijiji hakipimi kitu.

Tena kizingiti cha kushuku hakikai mahali pamoja. Mchumi Edward Miguel alichunguza vijiji vya Meatu, upande wa kusini-magharibi wa Serengeti, na mwaka 2005 akachapisha matokeo: katika miaka ya mvua iliyopitiliza, iwe ukame au mafuriko, mauaji ya walioitwa wachawi yalikuwa karibu mara mbili ya miaka mingine. Ushahidi dhidi ya wale bibi haukuongezeka mvua ilipokatika. Kilichoongezeka ni njaa.

Turekebishe vipi

Kuna gemu moja ya anga iliyolielewa hili: Among Us ya mwaka 2018, ile iliyovuma 2020. Wadanganyifu wamejificha kati ya wafanyakazi wa chombo, na kundi hupiga kura kumtoa mtu nje. Ukimtoa asiye na hatia, umewasogeza wadanganyifu karibu na ushindi, kwa sababu wanashinda idadi yao ikilingana na ya wengine. Kosa la pili lina bei. Ndiyo maana mabishano yake yana jasho.

Michezo ya mezani inaweza kufika huko bila kitabu kipya. Kwanza, msimulizi asipime sura peke yake. Aulize maswali ya mahali: ukoo, rika, chakula, nani anakufahamu. Pili, kila mara dadu inaporushwa kumpima mgeni, irushwe kwa siri pia kwa wenyeji wawili watatu, na atakayeanguka ashukiwe vilevile. Hapo wachezaji watapata uamuzi mgumu: jirani amekamatwa kwa ajili yangu, je, nijitokeze? Tatu, kuwe na kipimo cha hofu ya kijiji, kinachopanda ng'ombe wakifa na mvua zikikawia. Hofu ikipanda, alama za kumshuku mtu zishuke kwa wote.

Mchezo utakuwa mrefu zaidi, na pengine mchungu. Lakini kiumbe aliyesafiri kati ya nyota hadi Tarime halafu akapita kwa kurusha dadu mara moja hajaitembelea Tarime bado. Jaribuni sheria hizi wikiendi hii, halafu mhesabu mwishoni: wageni wangapi walishikwa, na wenyeji wangapi?