Mstari mmoja wa Python na malipo ya wachumaji

Mashamba makubwa ya kahawa ya Oldeani, wilayani Karatu, yalianzishwa na walowezi, wengi wao Wajerumani, katika miaka ya 1920 na 1930. Katika mashamba ya aina hiyo kahawa mbivu huhesabiwa kwa debe: kibarua anamimina, karani anaandika namba yake na idadi ya madebe. Daftari la namna hiyo likiingizwa kwenye kompyuta linazaa orodha mbili. Tuchukue mfano wa vibarua watano, na bei ya kubuni ya shilingi 2,500 kwa debe:

namba = [11, 12, 13, 14, 15]
madebe = [4, 6, 0, 5, 3]
bei = 2500

Namba 13 siku hiyo hakuchuma. Anayeanza kujifunza Python ataandika kitanzi cha mistari minne: anafungua orodha tupu, anapita kila idadi ya madebe, anauliza kama ni kubwa kuliko sifuri, kisha anaongeza malipo. Aliyezoea anaandika hivi:

malipo = [d * bei for d in madebe if d > 0]

Ufupisho huu uliingia Python katika toleo la 2.0, Oktoba 2000, ukiwa umeazimwa kutoka lugha nyingine ya programu, Haskell. Umegawanyika sehemu tatu. Mwanzoni ni kile unachotaka kupata, katikati ni kinakotoka, na mwishoni ni chekeche, kama lile la kiwandani linalobakiza punje kubwa za daraja AA na kuziachia ndogo zipite. Binafsi naupenda. Jicho linaona jibu kwanza, wala huna haja ya kufuatilia orodha inayojazwa kidogo kidogo.

Ila chekeche hilo halisemi limeangusha nini. Mstari ule unatoa [10000, 15000, 12500, 7500]: malipo manne kwa vibarua watano. Sasa mtu akitaka kuyarudisha kwa wenyewe, ataandika:

for n, m in zip(namba, malipo):
    print(n, m)

Kazi ya zip ni kuoanisha: cha kwanza na cha kwanza, cha pili na cha pili, na orodha fupi ikiisha inanyamaza. Namba 11 na 12 wanapata haki yao. Namba 13, ambaye hakuchuma hata debe moja, anapewa 12,500 za namba 14. Namba 14 anapewa 7,500 za namba 15. Namba 15 hayumo kabisa. Na kinachoudhi zaidi, jumla ni shilingi 45,000, sawasawa na madebe 18 ya siku hiyo. Mhasibu anayekagua jumla peke yake atapiga mhuri.

Wengine hukimbilia kulaumu ufupi wa mstari. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu kitanzi kile cha mistari minne kingetoa kosa lilelile. Tatizo ni mpangilio wa kazi: madebe yalichujwa kabla ya kufungwa pamoja na namba za wenyewe. Oanisha kwanza, chuja baadaye:

malipo = [(n, d * bei) for n, d in zip(namba, madebe) if d > 0]

Hapa namba 13 anaondoka na sifuri yake, na hakuna anayesogea. Ukitaka abaki kwenye karatasi akiwa na sifuri, ondoa sharti la mwishoni, maana sifuri mara 2,500 ni sifuri. Na ukitaka sifuri iandikwe kama neno, sharti linahamia mbele:

[d * bei if d > 0 else "hakuchuma" for d in madebe]

Wanafunzi wengi hujikwaa hapo. Sharti la mwishoni linapunguza orodha, la mbele linabadilisha kilichomo na urefu unabaki uleule. Kwenye malipo ya watu tofauti hiyo si ya kupuuza.

Sipendekezi kubana zaidi ya hapo. Mstari wenye vitanzi viwili na masharti matatu umeshapoteza faida yake, afadhali kitanzi cha kawaida ambacho karani mwenzako atakisoma kesho bila kukupigia simu.

Tangu toleo la 3.10 la mwaka 2021, zip inakubali strict=True: orodha zikitofautiana urefu, programu inasimama na kutoa kosa badala ya kunyamaza. Kama unaandaa malipo ya vibarua, iandike kila mara.