Kisu Kilichoacha Ushahidi Ardhini

Kipindi cha uyoga kilichorushwa wiki iliyopita kutoka misitu ya miombo ya Tabora kilipigwa picha kwa ustadi, na kikapu kilichotumika badala ya mfuko wa plastiki kilikuwa chaguo sahihi. Hayo tuyaache. Kosa liko pale mtangazaji alipochutama mbele ya uyoga mweupe wa kofia pana, akatoa kisu na kukata shina usawa wa ardhi. Mama aliyekuwa anamwongoza alikwisha kuingiza vidole udongoni kuuchimbua. Mliotazama mlimwona akiondoa mkono kumpisha mgeni. Kuanzia hapo uyoga ule haukufaa kuingia jikoni, hata kama ulikuwa wa kulika, kwa sababu uthibitisho wake ulibaki shimoni.

Tuangalie kilichoachwa pale chini. Uyoga mweupe wa namna ile, msimu wa mvua, ndani ya miombo, unaweza kuwa wa mchwa, yaani Termitomyces, au unaweza kuwa Amanita. Wa mchwa, tukiwaacha wale wadogo wanaotapakaa juu ya kichuguu, una shina linaloshuka ardhini kama mzizi mrefu mpaka kwenye bustani ambayo mchwa wenyewe huilima. Mchimbaji mwenye subira huufuata mzizi huo kwa kijiti, sentimita baada ya sentimita. Amanita hauna mzizi wa aina hiyo. Shina lake limekaa ndani ya kikombe, yale mabaki ya ngozi iliyoufunika uyoga ukiwa mchanga, na mara nyingi kikombe chote kimezama udongoni. Ishara inayokuruhusu kula na ishara inayokuzuia, zote mbili ziko chini. Kisu kilipita juu yake.

Kuna watakaosema kofia ilionekana, matamvua yalionekana, pete ilionekana. Ndiyo, na havikutosha. Kofia hubadilika rangi kwa jua na mvua, pete hudondoka, mabaka juu ya kofia huoshwa na mvua ya usiku mmoja. Mtangazaji aliugeuza uyoga mbele ya kamera, akaonyesha upande wa chini wa kofia, kisha akatamka jina lake kwa uhakika kamili. Alitoa uhakika huo wapi? Mama hakuulizwa, na uso wake ulionyesha wazi kwamba alikuwa na la kusema.

Swali hilo ni zito zaidi kwetu kuliko Ulaya. Huko anayeanza kujifunza huambiwa auache kila uyoga wenye kikombe, na kanuni hiyo inamtosha. Katika miombo, Amanita nyingine ni kitoweo cha miaka mingi. Amanita zambiana inaliwa Zambia na Tanzania. Amanita tanzanica, inayobeba jina la nchi yetu, iliingizwa katika maandiko ya sayansi na Härkönen na Saarimäki miaka ya 1990, wakati wenyeji walikwisha kuijua sufuriani. Maana yake ni kwamba mchumaji wa huku hatosheki na kuona kikombe. Lazima akisome: umbo lake, unene wake, ukingo wake, kisha alinganishe na michirizi ya pindo la kofia na pete. Mtu wa kazi hiyo anauhitaji uyoga mzima mkononi, pamoja na udongo wake.

Utetezi wa mtangazaji ulikuwa kwamba anaacha mzizi ili uyoga uote tena mwakani. Hoja hii nimeipinga katika safu hii miaka nenda rudi, na bado inarudi. Uswisi walilipima jambo hili msituni kwa miaka 29, kuanzia 1975 hadi 2003, wakilinganisha kung'oa, kukata na kutogusa kabisa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: si kung'oa wala kukata kulikopunguza mavuno ya miaka iliyofuata. Kilichopunguza idadi ya uyoga ulioota ni kukanyagwa kwa msitu. Mpiga picha, msaidizi wake na mbeba taa waliokuwa wakizungukazunguka pale walileta madhara makubwa kuliko vidole vya yule mama.

Kisha kikaja kitunguu. Mtangazaji alikitupa sufuriani akisema kikigeuka cheusi kuna sumu. Bado tuko hapo? Kitunguu hakipimi sumu ya uyoga, wala kijiko cha fedha, wala wali. Konokono kuutafuna si kibali. Amatoxini, sumu iliyo katika Amanita zile zinazoongoza kwa kuua duniani, haivunjwi na kuchemsha, kukaanga wala kukausha. Tena haina haraka. Kutapika na kuhara huanza saa 6 hadi 24 baada ya kula, kisha hufuata nafuu ya siku moja hivi ambayo humfanya mgonjwa atake kurudi nyumbani, na ndani ya nafuu hiyo ini linaendelea kuharibika. Mtazamaji aliyeona kitunguu kikibaki cheupe alifundishwa kuamini kitu kinachoweza kumzika.

Anayedhani haya huwapata wasiosoma tu amkumbuke Nicholas Evans, mwandishi wa riwaya The Horse Whisperer. Mwaka 2008, huko Scotland, alichuma uyoga na kuupikia watu wanne, yeye akiwa mmojawapo. Ulikuwa Cortinarius, unaoshambulia figo. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba kila mmoja alidhani mwenzake ameukagua. Mwaka 2011 binti yake alimpa figo. Pale mezani hapakukosekana elimu wala pesa. Palikosekana mtu wa kuuliza kwa sauti kabla ya kukaanga, kama palivyokosekana Tabora.

Linganisheni na kazi ya Marja Härkönen wa Helsinki na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitabu chao cha uyoga wa Tanzania cha mwaka 2003 kinaweka unaolika, wenye madhara na mwingineo pamoja, na majina ya kienyeji yamo, kwa sababu waliwauliza wanaoula. Mtaalamu aliyekuja na darubini aliona umuhimu wa kumsikiliza mwenyeji. Mtangazaji aliyekuja na kisu hakuona. Na wanawake waliotulea kwenye miombo walikuwa wakali kuliko kitabu chochote: waliokota aina chache walizofundishwa na mama zao, wakatupa kila uyoga wenye shaka, na mtoto aliyeleta uyoga uliokatika alirudishwa akachimbe shina lililobaki.

Ombi langu kwa wahariri wa kipindi. Sehemu ya kisu na sehemu ya kitunguu ziondolewe kabla ya marudio, na yule mama arekodiwe upya akichimba, akionyesha mzizi wa uyoga wa mchwa na kikombe cha Amanita, kwa maneno yake mwenyewe. Na aliyekwisha kupika kwa kuiga kipindi kile, akianza kutapika saa nyingi baada ya kula, aende hospitali usiku huohuo na mabaki ya uyoga, hata akijisikia nafuu njiani.