Nani Alikula Nyumba ya Ajuza?

Mimi huruma nilifunzwa kwa kiboko. Nilikuwa darasa la tatu katika shule moja ya msingi kule Nyamira, na tulikuwa tumemaliza kusoma hadithi ya msichana aliyemsaidia ajuza kubeba kuni. Mwalimu akauliza, "Hadithi hii inatufunza nini?" Nikainua mkono, nikajibu kwamba inatufunza kuni ni nzito. Darasa zima likacheka. Mimi nikachapwa. Jibu lililotakiwa lilikuwa "tuwe na huruma." Serikali ilikuwa imepiga marufuku viboko shuleni tangu 2001, lakini habari hiyo ilikuwa bado haijapanda mlima hadi kwetu.

Sina kinyongo na yule mwalimu. Ugomvi wangu ni na ile hadithi. Kadiri ninavyoikumbuka ndivyo ninavyoona jibu langu halikuwa la kipumbavu. Angalau mimi nilikuwa nimejaribu kuubeba ule mzigo.

Tuseme ukweli: hadithi nyingi tunazowapa watoto ili wajifunze wema zina umbo moja. Kuna mtoto mzuri mwenye jina. Kuna mzee asiye na jina. Mzee ana shida, mtoto anamsaidia, mzee anasema "asante mjukuu wangu," na kabla ukurasa haujaisha mtoto ameshapewa zawadi. Hatujui yule mzee anaishi na nani, anapenda nini, wala kwa nini anabeba kuni peke yake katika umri huo. Yuko pale ili mtoto apate mahali pa kuonyeshea wema wake, basi. Wahenga walituambia tenda wema nenda zako. Hadithi hizi zinasema tenda wema, kisha subiri kidogo, zawadi inakuja.

Mtaala wa umilisi, ule tuliozoea kuuita CBC, ulipoanza nchi nzima Januari 2019, ulikuja na orodha ya maadili: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Ni orodha nzuri. Kabla yake, kuanzia 2015, mradi wa Tusome ulikuwa umetia vitabu mikononi mwa watoto wa madarasa ya chini, jambo ambalo sisi tuliosoma watoto wanne kitabu kimoja hatuwezi kulibeza. Lakini usomaji ulipimwa kwa maneno ambayo mtoto anayasoma kwa dakika moja. Na ukikimbizana na dakika, utapata wapi muda wa kumuuliza ajuza jina lake?

Mwaka jana nilishuka Keroka, pale mpakani ambapo ukivuka barabara hujui kama uko Kisii au Nyamira, nikaenda kumtembelea binamu yangu. Yeye anafundisha Gredi ya 3. Akaniambia, "Ndugu yangu, wewe si unajifanya mtu wa vitabu? Njoo ukae nyuma ya darasa." Nikaenda.

Siku hiyo aliwasimulia Hansel na Gretel, hadithi ambayo ndugu wawili wa Ujerumani, akina Grimm, waliichapisha mwaka 1812. Mnaijua. Watoto wawili wanatupwa msituni na wazazi wao, wanakuta nyumba iliyojengwa kwa vyakula, wanaanza kuila. Mwenye nyumba ni ajuza, macho hayaoni vizuri, anatembea kwa mkongojo. Kumbe ni mchawi anayekula watoto. Mwishowe msichana anamsukuma ndani ya tanuri, anateketea. Watoto wanachukua vito vyake, wanarudi nyumbani matajiri.

Darasa likapiga makofi. Mimi mwili ukanisisimka.

Kwa sababu mimi ni Mkisii, na najua jambo ambalo watoto wale wa miaka minane labda walikuwa wamelisikia nusunusu jikoni. Mwezi Mei 2008, katika eneo la Kisii, watu 11 waliteketezwa na umati kwa madai ya uchawi. Wanane kati yao walikuwa wanawake. Oktoba 2021, kule Marani, wanawake wanne wazee wakauawa kwa madai yaleyale. Neno ni moja tu, omorogi, na likishatamkwa juu ya mama mzee halirudi kinywani. Waliofuatilia visa hivi wameeleza mara kwa mara kwamba nyuma ya neno hilo mara nyingi kuna shamba ambalo mtu fulani analitaka.

Sasa isome hadithi ya Grimm tena ukiwa umeketi Keroka. Mwanamke mzee anaishi peke yake. Anadaiwa kuwa mchawi. Anachomwa moto. Mali yake inachukuliwa. Tunapiga makofi.

Najua utaniambia nini. Utasema hadithi bila mwovu hainogi, na watoto si wajinga, wanajua tofauti ya ngano na jirani. Nakubaliana nawe kiasi. Mimi mwenyewe nililelewa na emegano, ngano zetu za usiku zilizojaa mazimwi, na sikuwahi kumchoma mtu. Sisemi hata kidogo kwamba ndugu wa Grimm ndio waliowasha kiberiti Marani. Umaskini, urithi wa ardhi na woga havikutoka kitabuni. Ninachosema ni hiki: hadithi humzoesha mtoto ni nani wa kuhurumiwa na ni nani anayeweza kuteketea bila mtu kuuliza swali. Huo nao ni ufundishaji wa wema, ila unakwenda kinyume. Na bango la upendo ukutani halitoshi kuupinga.

Binamu yangu lakini hakuishia kwenye makofi. Hakuuliza hadithi inatufunza nini. Aliuliza, "Nani hapa hajapewa nafasi ya kujieleza?" Kimya. Kisha msichana mmoja akasema, "Huyo magokoro." Alitumia neno letu la nyanya bila hata kufikiri, na naapa hewa ya darasa ilibadilika. Ajuza alikuwa mchawi wa Ulaya. Magokoro ni mtu wa nyumbani.

Maswali yakaanza kumiminika. Kwa nini anaishi peke yake? Mbona hakuna anayemletea maji? Mvulana wa dirishani akauliza, "Watoto wake wako wapi?" Mwenzake akamjibu papo hapo, "Wako Nairobi."

Darasa likacheka. Mimi, niliyetoka Nairobi jana yake, nikainamisha kichwa.

Halafu wakaandika barua, kila mmoja akijifanya ndiye magokoro. Nyingi zilikuwa mistari miwili mitatu, tahajia ovyo. Moja ilisema, kwa kifupi: nilijenga nyumba yangu pole pole, nilikuwa nimelala, watoto wakaila, mvua ikanyesha nikaloa. Hakuna funzo mwishoni. Hakuna neno huruma. Lakini aliyeandika vile alikuwa ameingia ndani ya ile nyumba akaisikia mvua, na hiyo kwangu ndiyo kazi nzima ya fasihi darasani. Huwezi kumwamuru mtoto awe na huruma, lakini unaweza kumpa kalamu na kumwomba aseme "mimi" kwa niaba ya mtu mwingine.

Kama tunatafuta hadithi nyingine ya kuweka kando ya ile ya Grimm, hatuhitaji kwenda mbali. Tunaye Moraa Ng'iti, mwanamke mzee, mganga na mwonaji, aliyewachochea vijana wa Gusii kupinga utawala wa Waingereza, hadi Otenyo akamchoma mkuki afisa wao Northcote mwaka 1908. Tunamwita shujaa. Lakini mtazame tena: mama mzee, mjuzi wa dawa, anayesema mambo ambayo wengine wanaogopa kuyasema. Angekuwa hai leo kijijini, tungemwita nani? Swali hilo Gredi ya 3 wanaliweza kabisa. Sisi wakubwa ndio linatutoa jasho.

Nawaandikia ninyi wa mjini kwa sababu ndio mnaonunua vile vitabu vya rangi na kuwapelekea watoto wa ushago Desemba. Pelekeni, hata hicho cha Hansel na Gretel. Ila mkimaliza kusoma, msiulize funzo ni nini. Ulizeni nani hajasema, na msikimbilie kujibu.

Jioni ile nilipitia kwa nyanya yangu. Anaishi peke yake, watoto wake mnajua wako wapi. Nilimkuta anatoka mtoni kutafuta kuni, nikampokea mzigo mpaka mlangoni. Ulikuwa mzito. Aliniuliza kama nimekula, nami nikamuuliza, kwa mara ya kwanza maishani, majirani wanamsema vipi siku hizi. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Keti kwanza," akaanza kunieleza.