"Fare", Nauli na Kuagana

Kitenzi cha Kiingereza "fare" kilikuwa na maana ya kusafiri tangu Kiingereza cha kale, na nduguye wa Kijerumani, "fahren", angali hai. Katika Kiingereza chenyewe kitenzi hicho kimekongoka; kimesalia hasa ndani ya "farewell", ambalo kwa asili lilikuwa agizo kwa mwenye kuondoka: safiri vyema. Nomino yake ndiyo iliyonawiri, na katika matatu za Nyeri, Karatina na Nanyuki husikika kutwa, bega kwa bega na "nauli".

Jozi hii yastahili kuangaliwa. Neno la Kiingereza lilianza na mwendo likaishia kwenye malipo. "Nauli", lililopokewa kutoka Kiarabu, lilihusu malipo tangu mwanzo, tena malipo ya chombo cha bahari. Leo ladaiwa mlimani. Hali kadhalika "fare" ni chakula; lakini hapo Kiswahili hakikosi neno, kwani "masurufu" ni fedha na chakula cha safari kwa pamoja.

Penye mgogoro ni katika kuagana. Wafasiri huandika "kwaheri" kila wakutapo "farewell", na mara nyingi yatosha. Hata hivyo "kwaheri" halina kitenzi, wala halionyeshi ni nani aendaye na ni nani asaliaye. Kikuyu hutofautisha: aendaye huambiwa "thiĩ na wega", asaliaye "tigwo na wega". Mwanafunzi wa Nyeri aandikapo "nenda salama" na "baki salama", wapo walimu wampigiao mstari mwekundu kwa hoja kwamba ameathiriwa na lugha ya mama. Athari ipo, haina haja ya kukanwa. Lakini kosa li wapi? Vitenzi ni vya Kiswahili, sarufi haikuvunjwa, na mwandishi amesema jambo ambalo "kwaheri" halisemi. Mtu wa pwani amwambiapo msafiri "safari njema" humkusudia aendaye peke yake, na hakuna amsahihishaye.

Mjini Nyeri lipo kaburi la Baden-Powell, aliyefariki mwaka 1941. Juu yake imechongwa alama ya maskauti, duara lenye nukta katikati, yaani: nimekwenda nyumbani. Hapo anayenena ni aliyeondoka. Mfasiri atakayeiandika alama hiyo "kwaheri" atakuwa ameacha kitenzi, na msafiri pia.