Anayejibu ni Nani

Amri yenyewe ni fupi kuliko majina ya watu wengi: uname -m. Unaiandika, unagonga kitufe, seva inakujibu neno moja. x86_64. Au aarch64. Au, kwenye mashine za zamani, i686. Anayepita nyuma yako haoni kazi yoyote iliyofanyika. Nimekaa na seva miaka mingi, na mtu akiniuliza ustadi wa fundi hujulikana wapi, sitaji usiku wa kuokoa data wala nyaya zilizopangwa zikapendeza. Humtazama anavyouliza swali hili dogo, na anavyolipokea jibu lake.

Swali ni kwamba mfumo endeshi wa seva hii umetengenezwa kwa ajili ya prosesa ya namna gani. Ndani ya kasha moja wamo watatu wa kulijibu. Ipo chipu, na uwezo iliozaliwa nao. Ipo kerneli, yaani moyo wa mfumo, ambayo huandaliwa kwa ajili ya jamii moja ya chipu. Na zipo programu zilizowekwa juu ya kerneli, nazo zina asili yake. Mara nyingi wote watatu husema neno moja, ndiyo maana watu husahau kwamba ni watatu.

Mimi nilikumbushwa mwaka 2012. Hifadhidata ya ofisi moja ilikuwa ikianguka kila mwisho wa mwezi, saa zile zile ripoti zinapotolewa. Aliyenipigia simu alikuwa na hakika: "Kaka, hii mashine ni ya biti 64, imeandikwa hapa ubavuni." Alisema kweli. Amri ya lscpu ilionyesha kwamba prosesa inaweza biti 32 na biti 64. Amri ya free ilionyesha kumbukumbu yote, gigabaiti 8 kamili. Tukahangaika siku mbili na mipangilio ya hifadhidata, tukipunguza hapa na kuongeza pale, kabla sijaandika uname -m. Jibu likaja: i686. Aliyeisimika seva ile alitumia diski ya mfumo wa biti 32, akaondoka, na mashine ikafanya kazi kwa miaka bila kulalamika.

Biti 32 huhesabu anwani 4,294,967,296 na si zaidi, yaani gigabaiti 4. Sasa mbona seva iliziona 8? Tangu Pentium Pro ya mwaka 1995, chipu za Intel zina njia iitwayo PAE, inayorefusha anwani za kumbukumbu hadi biti 36, hivyo kerneli ya biti 32 huweza kugawa hadi gigabaiti 64. Lakini kila programu, ikiwa peke yake, inabaki na dirisha lile lile la gigabaiti 4, na Linux kwa kawaida hujiwekea moja na kuiachia programu 3. Ni nyumba ya vyumba vinane ambayo mpangaji amepewa funguo za vitatu. Hifadhidata yetu ilijaza vitatu vyake, ikaanguka, na vingine viko wazi. Lebo ya ubavuni ilikuwa imejibu habari za chipu, na free ilikuwa imejibu habari za kumbukumbu. Siku mbili nzima hakuna aliyeuuliza mfumo wenyewe.

Hata kerneli nayo haina neno la mwisho. Tangu mwaka 2023, mfumo wa Raspberry Pi wa biti 32 huwaka na kerneli ya biti 64 kwenye baadhi ya vibao vinavyoweza kuibeba, huku programu zake zikibaki za biti 32. Hapo uname -m itasema aarch64, na dpkg --print-architecture, inayojibia upande wa programu, itasema armhf. Zote mbili ni za kweli, kila moja inasema ya kwake. Fundi mwenye haraka huamini ile ya kwanza, hupakua programu ya aarch64, huiendesha, na mfumo humwambia kwamba faili hiyo haipo. Anaiona kwa macho yake, ukubwa wake na tarehe yake, na anaambiwa haipo! Kisichokuwepo ni kipakiaji cha biti 64, faili ndogo ambayo programu huitafuta kabla ya kuanza, na ambayo mfumo wa biti 32 hauna. Nimeona watu wazima wakipoteza mchana wao hapo, na huruma huniingia kila mara. Amri ya getconf LONG_BIT ingewajibu 32 kwa nukta moja.

Kwenye laptopu za Apple zenye chipu za M1 na zilizofuata, terminali iliyofunguliwa kupitia Rosetta, kitafsiri cha programu za chipu za Intel, hujibu x86_64 ilhali chipu ni ya ARM. Na Linux ina amri ya setarch, inayoweza kuifanya kerneli ijitambulishe kwa jina la biti 32 mbele ya programu fulani, kwa sababu halali kabisa. Jibu hubadilika kufuatana na mlango unaopigia hodi.

Kwa hiyo mimi hupenda kushuka hadi kwenye faili yenyewe. Chukua programu yoyote ya Linux, hata ls iliyo ya kila siku, usome baiti zake 20 za mwanzo: head -c 20 /bin/ls | od -An -tx1. Nne za kwanza ni 7f 45 4c 46, na tatu kati yake ni herufi E, L na F, jina la muundo wa faili. Baiti ya tano ni 01 kwa biti 32, au 02 kwa biti 64. Mbili za mwisho zinataja aina ya prosesa: 3e 00 kwa x86-64, b7 00 kwa ARM ya biti 64. Ukienda kwenye mashine kubwa za IBM za s390x utakuta 00 16, sifuri zimetangulia, kwa kuwa mashine zile huandika namba kuanzia upande wa pili. Anayejua kwamba Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, muda mrefu kabla ya kuandikwa kwa hizi za Kilatini, hatashangaa kwamba namba ile ile inaweza kupangwa namna mbili. Baiti ya sita ndiyo inayosema msomaji aanzie upande gani.

Nilimwonyesha haya binti mmoja aliyekuja kwetu kujifunza kazi. Alizisoma baiti akizifuata kwa kidole kwenye kioo, mbili mbili, kisha akaandika dpkg --print-architecture bila kuambiwa. Ikamjibu amd64. Akaitazama lebo kwenye kasha.

"Lakini hii ni Intel, Mwalimu. Mbona inajiita amd?"

Nikamweleza kwamba Intel ilitaka kuingia biti 64 kwa njia mpya kabisa, kwa chipu ya Itanium iliyotoka mwaka 2001, ambayo haikuzisoma programu za zamani vizuri. AMD wakachukua njia nyingine, wakairefusha ile ile ya zamani, na mwezi Aprili 2003 wakaitoa Opteron. Watu wakaipenda kwa sababu kazi zao za miaka iliyopita ziliendelea kufanya kazi. Mwaka uliofuata Intel nao wakaifuata njia hiyo, na jina la aliyetangulia likabaki kwenye vifurushi vya Debian hadi leo.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasogea kwenye seva iliyofuata kabatini, akachomeka kibodi, akaanza upya na uname.