Mbuga Isiyo Mbuga: Istilahi za Kutazama Wanyama Katika Msitu wa Mto

Hivi karibuni mfasiri mmoja alileta mezani petu rasimu ya mwongozo wa wageni, akaomba tumkagulie istilahi. Mwongozo huo umekusudiwa familia za wazungumzaji wa Kiswahili waishio katika jimbo la Queensland, nchini Australia, wengi wao wakiwa watu waliotoka Kongo na Burundi. Unaeleza namna ya kupanga ziara ya Broken River, mto upitao katika msitu wa mvua wa Eungella, yapata kilometa 80 magharibi ya mji wa Mackay. Wageni huenda huko hasa kwa ajili ya mnyama mmoja, naye ni kinyamadege.

Sarufi ya rasimu ile ni safi, na mwenyewe ni mfasiri mzoefu. Naandika juu yake kwa sababu kasoro zake si zake peke yake. Msamiati wetu wa kutazama wanyama umezaliwa uwandani, penye nyasi, magari na simba. Unapohamishiwa msituni kando ya mto, kila neno huonekana kuwa la Kiswahili sanifu, na hata hivyo msomaji anayelifuata kwa uaminifu atafika saa isiyofaa, atasimama mahali pasipofaa, na kurudi nyumbani bila kuona kitu.

Tuanze na neno lililo kubwa kuliko yote. Rasimu inaita mahali pale "mbuga ya wanyama". Kwa asili mbuga ni uwanda mpana ulio wazi, na wakulima wa bara hulitumia neno hilo hata kwa udongo mweusi wa mfinyanzi unaojaa maji wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Kwa kuwa wanyama wakubwa walionekana kwa wingi katika nyanda kama hizo, neno likahama kutoka ardhi likaenda kwa wanyama, na leo watu wengi husema mbuga wakiwa na maana ya eneo lolote linalolindwa. Katika mazungumzo hapana ubaya. Lakini mwongozo si mazungumzo. Mtu aliyeambiwa kwamba anakwenda mbugani hujiandaa kwa mbuga: ataendesha gari polepole, atatazama mbali, atatafuta mnyama mkubwa. Pale Eungella hakuna umbali wa kutazama. Miti imefungamana, na mnyama anayetafutwa ana urefu wa nusu meta tu, naye muda mwingi yumo chini ya maji.

Tunalo neno hifadhi, ambalo sheria na mashirika ya Tanzania yamekwisha kulikubali katika jina Hifadhi ya Taifa. Neno hili halisemi lolote juu ya sura ya nchi. Linasema tu kwamba mahali hapo panatunzwa, na kwa hiyo linafaa uwanda, mlima, kisiwa na msitu. Nashangaa kuwaona watumishi wa serikali ambao katika barua huandika "Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa", kisha katika tangazo la watalii wakaiita mbuga. Udzungwa ni misitu ya milimani. Kama jina halifai Udzungwa, halifai Eungella.

Ama "msitu wa mvua", nimesikia walimu wakililalamikia. Hoja yao ni kwamba kiunganishi "wa" kina maana nyingi mno: maji ya mvua hutoka kwenye mvua, lakini koti la mvua hukinga mvua, na majira ya mvua ni wakati mvua inyeshapo. Mwanafunzi atajuaje kwamba msitu huu ni ule unaostawi kwa mvua nyingi? Hoja ni ya kweli, lakini haina nguvu ya kutosha kuliondoa neno. Limeshika mizizi katika vitabu vya jiografia, na hakuna istilahi iliyojengwa kwa kiunganishi ambayo haimdai msomaji afundishwe. Tuliache.

Sivyo ilivyo kwa kivumishi kinacholifuata. Rasimu inasema "msitu wa mvua wa chini ya tropiki". Mfasiri amekichukua kiambishi cha Kiingereza na kukitafsiri kwa kamusi. Matokeo ni kwamba msomaji anaelekezwa kwenye ramani, atafute nchi iliyo kusini ya ukanda wa tropiki. Akitafuta ataona ajabu, kwa sababu Eungella iko karibu na nyuzi 21 za latitudo ya kusini, na Tropiki ya Kaprikoni iko karibu na nyuzi 23 na nusu. Maana yake ni kwamba mahali pale pamo ndani ya tropiki. Kinachoufanya msitu wake uwe na tabia ya nchi za kusini zaidi ni mwinuko: vilele vya safu ile vinapita meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, mawingu hukaa huko, na hewa ni baridi kuliko ya pwani ya Mackay. Hapo misitu ya aina mbili hukutana, ule wa joto na ule wa ubaridi kiasi. Kwa hiyo neno hili ni la tabianchi, si la mahali. Napendekeza "nusutropiki". Tumekwisha kusema nusujangwa kwa nchi iliyokaribia kuwa jangwa bila ya kuwa jangwa, na hakuna aliyeuliza ni nusu ya kilometa ngapi. Kwa mgeni tofauti hii ina faida ya mkononi: aliyesoma nusutropiki na kuelezwa habari ya mwinuko atachukua sweta, na aliyesoma tropiki atafika na shati la mikono mifupi.

Hili linatupeleka kwenye majira, na hapa ndipo rasimu inapoweza kudhuru zaidi. Wakati unaosifiwa kwa kumwona kinyamadege pale Broken River ni miezi ya Mei hadi Agosti. Mfasiri ameandika "majira ya baridi kali". Vitabu vyetu vya shule vimewazoesha wengi kwamba majira ya baridi ni theluji, na theluji ni Desemba. Msomaji wa namna hiyo akipanga likizo yake kwa kumbukumbu ya kitabu atafika Desemba au Januari, wakati mvua kubwa za Queensland zimeanza, mto umechafuka na njia za msituni zinateleza. Na tafsiri ya "masika" kwa msimu wa mvua wa kule nayo haisaidii, kwa maana masika yetu ni Machi hadi Mei, na mvua zao ni takriban Desemba hadi Machi.

Watu wa mwambao wanalo neno ambalo mfasiri hakulikumbuka, nalo ni kipupwe. Kipupwe ni majira ya ubaridi baada ya masika, yapata Juni hadi Agosti, pepo za kusi zinapovuma. Queensland nayo iko kusini ya ikweta, na ubaridi wake huja miezi hiyo hiyo. Ni mara chache sana neno la pwani yetu kuafikiana na kalenda ya nchi ya mbali namna hii, na lisipotumika hapa sijui litatumika wapi. Najua kwamba mtu wa Uvira au Bujumbura huenda hajawahi kulisikia. Kwa ajili yake yaandikwe majina ya miezi pembeni. Majina ya miezi, kwa kweli, yaandikwe daima: hakuna jina la majira linalovuka bahari bila kupoteza kitu.

Saa nayo isitupite. Rasimu inamwita mgeni mtoni "saa nne jioni". Hiyo ni saa ya Kiingereza iliyovaa kanzu. Kwa hesabu yetu ni saa 10 jioni, na mwezi Juni jua la huko hutua kabla ya saa 12. Kinyamadege huonekana zaidi alfajiri na jioni, na kwa hiyo kosa la saa ni kosa la ziara nzima. Kwa wasomaji walioishi ugenini muda mrefu, ambao baadhi yao wameacha kuhesabu saa tangu macheo, ingefaa kuandika hesabu zote mbili.

Sasa jina la mnyama mwenyewe. "Kinyamadege" lina watu wanaolicheka, lakini mimi nalipenda. Mwaka 1799 George Shaw wa Jumba la Makumbusho la Uingereza alipoandika maelezo ya kwanza ya kitaalamu, akiwa na ngozi kavu tu mbele yake, alikiri kwamba ilikuwa vigumu kutoshuku udanganyifu, kana kwamba mdomo wa bata umebandikwa kwenye mwili wa mnyama. Haikuthibitishwa na wataalamu wa Ulaya mpaka mwaka 1884, kwa kazi ya William Caldwell, kwamba mnyama huyu hutaga mayai, ingawa hunyonyesha. Jina letu linahifadhi mshangao huo. Kasoro yake ni kwamba linaahidi ndege zaidi kuliko ilivyo. Mdomo wake si mgumu kama wa bata. Ni ngozi laini yenye hisi kali, na kwa huo hutambua umeme hafifu utokao katika misuli ya vidudu vya majini, kwani akizama hufumba macho na kuziba masikio na pua. Kwa upande mwingine, kiambishi ki- kinafanya kazi ambayo majina ya lugha nyingine hayafanyi: kinamwonya mgeni kwamba anakwenda kuona kitu kidogo. Watu wengi waliomwona pichani hudhani ni mkubwa kama mbwa.

Waandishi wasisahau upatanisho. Rasimu ina "kinyamadege kinaogelea". Kama ilivyo kifaru anakimbia na kiboko anazama, vivyo hivyo kinyamadege anaogelea, na vinyamadege wanaogelea.

Ukingoni mwa Broken River pamejengwa sakafu za mbao ambapo wageni husimama. Rasimu inaziita "majukwaa". Jukwaani mtu hupanda ili aonekane: mwigizaji, mwanasiasa, bwana harusi. Kweli uwanja wa mpira una majukwaa ya watazamaji, lakini hayo ni mahali pa kelele, na kelele ndiyo inayoharibu ziara ya mto ule. Mnyama huyu akisikia vishindo vya miguu juu ya mbao hatoki. Wakulima wetu wana neno dungu. Dungu ni kichanja kilichoinuliwa shambani, ambapo mlinzi hukaa kuamia ndege na kuangalia nguruwe wasiingie. Anayekaa dunguni huona bila kujionyesha, naye hukaa muda mrefu. Zamani ulingo nao ulikuwa na maana hiyo, lakini umekwisha kuchukuliwa na mabondia pamoja na wagombea wa uchaguzi. Dungu bado liko huru. Napendekeza "dungu la kutazamia", na nisingeona haya likiandikwa kwenye kibao hata katika hifadhi zetu za nyumbani.

Nilijaribu pia kutafuta kitenzi cha kazi inayofanyika dunguni. Kuvizia kuna nia mbaya ndani yake. Kunyemelea kunahitaji miguu. Kuotea kungefaa sana, maana wawindaji hulitumia kwa kukaa na kumsubiri mnyama apite, lakini mpira wa miguu umelinyakua, na kijana akiambiwa aotee kando ya mto atatafuta kibendera cha mshika mstari. Hapa istilahi haihitajiki. "Ngoja kimya" inatosha.

Na angoje nini? Rasimu inasema "povu juu ya maji". Povu ni la sabuni, la pombe, au la mto unaopiga mawe, na katika mto wa msituni povu halikosekani. Mgeni atalikodolea macho povu hilo mpaka giza liingie. Dalili yenyewe ni mstari wa viputo vinavyopanda kimoja baada ya kingine katika maji yaliyotulia, kisha viwimbi vya duara pale mnyama anapoibuka. Huzama kwa muda wa dakika moja hivi au pungufu, akaja juu kwa sekunde chache kutafuna alichokusanya. Akingoja, mgeni anaweza kumwona pia mdiria wa rangi ya samawati, na kobe wa mtoni, ambaye rasimu inamwita kasa. Kasa ni wa baharini.

Limebaki neno moja. Mwongozo unataja kwa mstari mmoja chura wa Eungella aliyekuwa akitamia watoto wake ndani ya tumbo la chakula na kuwatoa kwa mdomo. Aligunduliwa mwaka 1984, na tangu 1985 hajaonekana tena. Mfasiri ameandika "ametoweka". Lakini mtoto aliyetoweka sokoni hupatikana jioni, na ng'ombe aliyetoweka hufuatwa kwa nyayo. Tanzania tuna chura wa Kihansi, ambaye mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, huku wenziwe wakiendelea kuzaliana katika matunzo ya wataalamu nchini Marekani, na baadaye vizazi vyao vikarejeshwa nyumbani. Hali hizi mbili haziwezi kubebwa na kitenzi kimoja kilicho wazi upande wa mwisho. Kwa chura wa Kihansi wa mwaka 2009 tuseme "ametoweka porini". Kwa yule wa Eungella, ambaye hakuna mtu aliyebaki naye popote, nimemwandikia mfasiri aseme "amekwisha duniani". Amejibu kwamba maneno hayo ni mazito mno kwa mwongozo wa matembezi ya familia. Nimemshauri asiyabadilishe.